Mjumbe Aliyeuliza Habari za Masika

Swali lake lilikuwa moja, na alilitoa kabla hujamaliza kukaa: "Umekiona masika?"

Umekwenda kwake na dalali. Karatasi ya mauziano imeshachapwa, mashahidi wameshaahidiwa soda, kalamu ya buluu iko mfukoni. Kimebaki kitu kimoja tu, sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi. Naye yuko pale barazani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anachambua mchicha, hakutazami usoni. Hicho kiwanja unachotaka kununua, umekwenda kukitazama mvua kubwa zikinyesha, ukaona maji yanapita wapi? Kama hukwenda, hasaini. Rudi mwezi wa nne.

Watu walimwona kikwazo cha maendeleo. Nani ananunua kiwanja mwezi wa nne? Kiwanja hununuliwa kiangazi, gari likiweza kufika na viatu visichafuke. Kiangazi, kila kiwanja cha Kibaha ni kizuri.

Sitaeleza alizaliwa lini wala ni mtoto wa nani. Mwenyewe alipoulizwa ukoo wake alijibu, "Mimi siuzwi, mipaka yangu unaiulizia nini?" Inatosha kusema alikuwa mama wa Kizaramo kutoka Kisarawe, na alikuwa mjumbe wetu tangu enzi ambazo mtaa ulikuwa ukingoja lami. Mtaa bado unaingoja.

Ninaandika habari zake kwa sababu nina hasira. Hasira hiyo ina anwani nyingi, na mojawapo ni ya nyumba yangu, kwa hiyo msomaji asidhani nimekuja kumhubiria.

Mimi nilikwenda kwake mwezi wa nane. Dalali wangu alikuwa mtu wa makamo mwenye simu tatu, na alikuwa amenichotea mchanga wa kiwanja kile kwa kiganja. "Bosi, tazama mchanga huu. Wa kujengea unao hapa hapa, hununui hata lori moja." Mchanga ulikuwa mweupe, safi, kama uliochekechwa. Nina digrii mbili, moja ikihusu mambo ya miji, na sikujiuliza ni nani aliyeuchekecha na kuulaza bondeni pale bila lori.

"Umekiona masika?" akauliza Mjumbe.

"Hapana, lakini nimekiona mara mbili."

"Mara mbili za kiangazi ni mara moja. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Akaweka mchicha chini. "Kumbe Mnyamwezi," akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Jamani, njooni mwone. Babu zake walibeba pembe kutoka bara mpaka pwani wakalipwa kaniki. Huyu naye kaja kununua mto. Sasa utaubeba kwa kichwa au kwa mabega?"

Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani akikutukana amekukaribisha. Nikarudisha: "Afadhali sisi tunaobeba. Nyinyi mmeuza mikorosho ya babu zenu mkaichezea ngoma, mkabaki na vumbi."

"Na hilo vumbi ndilo ninalokuuliza," akasema. "Umeliona likilowa?"

Kosa langu lilizaliwa hapo, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingelifanya. Mtu wa nchi nyingine angemsikia mwanamke mtu mzima, mjumbe wa mahali, akisema kwamba kiwanja hiki ni mto, naye angekwenda kuuliza. Mimi nilikuwa na utani. Mtani wako akikwambia umenunua mto, hukasiriki, na huendi kupima. Unacheka, unatafuta tusi la kurudisha, unaondoka umefurahi. Hakusaini. Dalali akaniinamia sikioni: "Twende kwa mjumbe wa upande wa pili. Yule hana maneno." Kweli hakuwa na maneno. Alisaini akiwa amesimama.

Miaka iliyofuata nilimjua vizuri yule mama aliyekataa kusaini, maana nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa bonde, kwenye mwinuko, hatua mia mbili hivi kutoka kwangu. Kila Jumamosi nilipita kumwamkia.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, mbeba mizigo. Leo umebeba nini?"

Asidhani mtu kwamba ninamchora malaika wa mazingira. Alipikia mkaa, tena mkaa wa kaka yake aliyekuwa akichoma miti huko Kisarawe, na hakuona haya. Mifuko ya plastiki aliikusanya uani akaitia kiberiti jioni, moshi ukaingia kwangu. Nilimwambia mkaa unamaliza misitu ya kwao. Akasema, "Ninunulie gesi." Nikamnunulia mtungi mdogo, nikaupeleka mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kuwasha. Wiki iliyofuata nikakuta amemfungia mbuzi kwenye mtungi ule. Gesi, alisema, inautia wali harufu ya gereji. Nilipomlaumu kwa moshi wake, alisema: "Mimi nachoma, wewe unaandika. Tungoje tuone cha nani kitaleta mvua."

Lakini kwa jambo la maji kupita, hakuwa na mzaha hata alipokuwa akifanya mzaha. Aliuchukia mtindo wetu, sisi wa kuhamia, wa kutandaza pevingi uani kuanzia geti hadi choo, pasibaki hata mahali pa kuku kuparua. Sisi tunauita usafi. Tunaogopa nyoka, tunaogopa tope, na tunapenda gari lisimame mahali palipong'aa. Yeye alisimama getini kwangu siku mafundi walipomaliza, akazivua ndala kana kwamba anaingia msikitini, akakanyaga vile vitofali vya moto, akarudi nyuma. "Ardhi inakunywa kama mtu," akasema. "Umeiziba mdomo. Maji yatatafuta mdomo mwingine."

Msemo wake mwingine ulikuwa "Maji hayasomi hati." Aliutumia kwa watu waliomwonyesha karatasi zenye mihuri. Mimi nilimwonyesha yangu.

Kwenye ukingo wa bonde palikuwa na mkorosho mkongwe, na shina lake lilifungwa vipande vya kanga. Vingine vilikuwa usawa wa goti, viwili usawa wa kiuno, na kimoja kilichopauka kabisa kilikuwa juu ya kifua changu. Mtaa mzima ulijua kwamba ule ni uganga wa Mjumbe. Jirani yangu mlokole alipita pale akikemea kwa sauti. Akina mama waliwakataza watoto kuokota korosho zake. Hakuna aliyethubutu kuukata mti ule wala kuuliza. Mimi, kwa kuwa nimesoma, sikuogopa, niliandika makala. Nilieleza namna imani za jadi za pwani zinavyolinda miti, nikavitaja vitambaa vile kuwa sadaka kwa mizimu. Makala ilisifiwa sana. Mtu mmoja alinipigia simu kuniambia kwamba imemtoa machozi.

Sasa nije kwenye mji wenyewe, maana Mjumbe hakuishi porini. Kibaha inakua. Kutoka Maili Moja kwenda juu kila mwezi kuna paa jipya, na kila paa linakataa maji na kuyatupa kwa jirani. Hilo linajulikana kwenye ofisi za serikali. Wana ramani yenye rangi, na bonde letu kwenye ramani hiyo ni la kijani. Waliwahi hata kusimamisha ubao wenye picha ya bustani: wazungu wawili wamekaa kwenye benchi, mtoto anarusha mpira. Dalali wa simu tatu akapigilia ubao wake mdogo kwenye mguu wa ule mkubwa: VIWANJA VINAUZWA. Mbao zile mbili ziliishi pamoja kwa amani, na hakuna ofisa aliyepita pale akaona ajabu. Nikisema nina hasira, ninasema habari ya mbao hizo mbili. Kuacha bonde likae kama lilivyo hakuhitaji mfadhili wala mkopo. Labda ndiyo sababu halikuachwa.

Kisha kuna siku ya kupanda miti. Kila mwaka hema hukodiwa, spika hukodiwa, mgeni rasmi hufika amechelewa, hupewa mche na glovu, hupigwa picha, huondoka. Mche hauna wa kuumwagilia, unakufa kabla ya vuli. Mwaka unaofuata, kwa kuwa shimo lipo tayari na kuchimba ni kazi, mche mpya unatiwa katika shimo lile lile. Mwaka wa tano Mjumbe aliombwa atoe neno la shukrani kwa niaba ya wakazi. Akapewa kipaza sauti, akaitengeneza kanga begani.

"Ndugu mgeni rasmi," akasema, "sisi wakazi tunalishukuru shimo. Miti minne imekufa. Shimo halijafa. Limevumilia sana."

Hakupewa tena kipaza sauti.

Nami nilikuwa na hema zangu. Nilialikwa kwenye semina ya siku tatu katika hoteli moja ya Dar es Salaam, ya kuzungumzia miji endelevu. Ukumbi ulikuwa na baridi kiasi kwamba wajumbe tulivaa makoti, nje jua likiunguza. Tulipewa mifuko ya kitambaa ili tuache ya plastiki. Ninayo saba sasa, yote imo ndani ya mfuko wa plastiki. Niliporudi nilimsimulia Mjumbe, nikiwa na majigambo kidogo.

"Siku tatu zote," akasema. "Mmekata shauri gani?"

"Kwamba miji iyaachie maji nafasi."

"Naam. Na wewe umeyaachia?"

Nikacheka. Siku hiyo fundi wangu alikuwa akichimba msingi wa ukuta. Nilikuwa nimekwisha kumwaga kifusi, malori kadhaa, kuinua kiwanja changu. Sasa nilitaka ukuta wa kukata bonde kutoka ukingo hadi ukingo, maana mipaka yangu ndivyo ilivyosema. Mjumbe akanifuata na fimbo yake. Akashuka ndani ya mtaro wa msingi, akasimama katikati, tope jekundu likimfika kwenye vifundo.

"Mnyamwezi, niachie mlango wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Anayekuja mara moja kwa mwaka. Hapigi hodi. Nipe matundu matano tu hapa chini, upana wa tofali."

Fundi akasimamisha sururu, akanitazama. Mimi nikafikiria nyoka, nikafikiria wezi wa kuku, nikafikiria jinsi ukuta wenye matundu unavyoonekana. Nikasema, "Mjumbe, mgeni wako apite barabarani kama watu wengine."

Mafundi wakaangua kicheko. Lilikuwa jibu zuri la utani, na nadhani ndilo zuri kuliko yote niliyopata kumpa. Mjumbe naye alitabasamu, akanyoosha mkono nimsaidie kupanda kutoka mtaroni. Nikamsaidia. Fundi akaendelea.

Masika mawili yalipita kwa manyunyu. Nikawa nampitia na kumuuliza, "Mjumbe, mto wangu uko wapi? Nataka kuvua samaki." Alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye mchicha: "Mgeni akichelewa hajafa."

Masika ya tatu mgeni alifika, Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri juu kwenye mitaa mipya, huko kulikosakafiwa vizuri kama kwangu. Nilikuwa dirishani. Maji yalikuja bila haraka, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa na vipande vya mabati. Yakafika kwenye ukuta wangu yakasimama, yakapanda kidogo, kisha yakageuka kushoto, yakapanda mwinuko ambao hayajawahi kuupanda, yakaenda nyumbani kwa Mjumbe.

Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo. Jiko lilianguka kwanza, kisha chumba cha nyuma. Yeye alikuwa ametoka na mkeka wake na sanduku. Kuku walikwenda. Mbuzi alikokotwa na maji pamoja na mtungi wake, mtungi ukanasa kwenye kisiki, akaponea hapo; ndiyo faida pekee ya elimu yangu iliyoonekana siku ile. Kwangu halikuingia hata tone. Pevingi zilioshwa zikang'aa.

Siku ya pili walikuja maofisa, wamevaa vizibao vinavyomeremeta. Mmoja alikuwa na fomu. Mjumbe alikuwa amesimama karibu na godoro lililolowa, na ofisa akamuuliza jina, akaandika, kisha kwenye sehemu ya maelezo akaandika, akisoma kwa sauti anavyoandika: mkazi wa bondeni. Akamgeukia kila mtu aliyekuwepo akasema kwamba serikali imeshawaambia wananchi wanaoishi mabondeni wahame kwa hiari, lakini wananchi ni wabishi.

Mkazi wa bondeni. Mama yule aliyekataa kusaini viwanja vya bondeni hata akaitwa mchawi. Aliyejenga kwenye mwinuko kabla sisi hatujajua Kibaha iko wapi. Bonde lililetwa mlangoni kwake na ukuta wa mtu mwenye hati, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa ofisa, mikono mfukoni, viatu vikavu, akasikia neno hilo likiandikwa na hakusema kitu. Nimeandika makala ngapi juu ya kusema ukweli? Neno moja lilitosha siku ile, nami nikamnyima. Mpaka leo nikikumbuka fomu ile sijui hasira niianzie kwa ofisa au kwa kioo changu.

Walipoondoka, Mjumbe alikwenda kwenye mkorosho. Akapapasa gome kwa kiganja mpaka akalipata doa la tope, mahali maji yalipokomea. Akachana upindo wa kanga yake, akafunga hapo. Goti, kiuno, kifua: kila kitambaa kilikuwa masika moja. Hapakuwa na mzimu pale, palikuwa na kipimo. Kilikaa wazi miaka yote, kila mtu akikiona, nasi tukakikemea na kukiandikia makala.

Nikamsogelea. "Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, baba. Hujambo? Poleni na mvua."

Ndivyo alivyosema. Baba. Poleni. Kwa heshima zote, kama mtu anavyomjibu mpita njia. Nilingoja tusi. Halikuja. Wiki hiyo kaka yake alikuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, akampakia yeye, sanduku, mbuzi, na mtungi.

Ukuta nilichelewa kuubomoa. Kwanza nilifanya lile wafanyalo wasomi: niliandika. Kisha kiangazi kilipofika nikamwita fundi yule yule, akaleta nyundo. Dalali wa simu tatu akapita akasimama. "Bosi, unashusha thamani." Nikamwambia fundi aendelee. Tulibomoa upande wote wa bondeni, tukachota kifusi, tukang'oa pevingi.

Mwezi wa pili nikaenda Kisarawe. Nilipita Kibamba, nikakata kulia, barabara ikaanza kupanda vilima na hewa ikapoa. Maji yanayofurika Jangwani kule Dar es Salaam, ambayo tunayalalamikia redioni kila mwaka, huanzia upande huu, yakiwa bado machache, unaweza kuyaruka. Nikaona kandokando mawe ya mipaka, meupe, mapya, yameshuka mpaka kwenye vijito.

Nilimkuta barazani kwa kaka yake, anachambua mchicha. Alikuwa amekonda. Kaka mtu alinisalimu akarudi kwenye redio yake.

"Marahaba, baba. Karibu. Wazima huko?"

"Wazima. Mjumbe, naona hapa napo wanapima viwanja."

"Kaka yangu kauza kimoja. Kauza kiangazi." Kaka akaongeza sauti ya redio.

Nikamwambia nimebomoa. Akauliza kiasi gani. Nikasema upande wote.

"Na yale matofali uliyoizibia ardhi mdomo?"

"Nimeyang'oa."

"Yako wapi?"

"Nimeyapanga nyuma ya choo."

"Hujayatupa."

"Sijayatupa."

"Basi unayangojea," akasema, na mimi nikatazama miguu yangu, maana ilikuwa kweli.

Nikamweleza nililoendea. Fundi yuko tayari. Tutamjengea upya, mahali pale pale, kwa tofali, msingi mrefu. Arudi mwezi huu, kabla mvua hazijaanza. Nilikwenda hata kwa yule ofisa wa fomu, nikamwambia neno nililomnyima Mjumbe. Akasema fomu imeshapelekwa juu. Nilizungumza muda mrefu. Nilijisikia nikizungumza kama kwenye semina.

Akaweka mchicha chini.

"Unataka nihamie kiwanja ambacho sijakiona masika?"

"Ni pako, Mjumbe. Umekaa pale miaka yote."

"Nilikaa kabla yako. Sasa ni kiwanja kingine." Akachukua upindo wa kanga aliyovaa, akauchana kwa meno, kipande cha urefu wa mkono, akanipa. "Mvua zikiisha, nenda kwenye mkorosho. Kafunge yalipofika. Usifunge yalipokupendeza. Halafu uje uniambie. Kama yamepita kwako, nitakuja kuona."

Nikakikunja nikakitia mfuko wa shati. Nikaaga. Nilikuwa nimefika kwenye minyaa ya mpakani niliposikia sauti yake nyuma, ile ya zamani, akimwita kaka yake apunguze redio.

"Njoo umwone Mnyamwezi. Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka baharini. Huyu kabebeshwa kitambaa, mtazame anavyoinama."

Nilikuwa na jibu zuri. Nikalimeza, nikaendelea kutembea.